Mbwa ametoka kwenye kifafa? Usimnyweshe maziwa

Simu nyingi za kifafa tunazopokea hapa kliniki huja na swali lilelile: "Daktari, nimpe maziwa?" Hapana. Wala mafuta ya kula, wala mayai mabichi, wala maji. Mbwa aliyetoka tu kukakamaa na kutukutika hawezi kumeza sawasawa. Ukimpanua taya na kummiminia, maziwa yanaingia mapafuni, na sisi tunabaki kutibu nimonia ilhali kifafa chenyewe kilishapita. Ngoja asimame bila kuyumba, aitike ukimwita jina. Hapo mwekee maji kidogo bakulini anywe mwenyewe.

Kabla ya hapo atakushangaza. Atazunguka ua mzima, atajigonga ukutani kama kipofu, na anaweza kumngurumia hata aliyemlea tangu mdogo. Si ukali huo, ni ubongo ambao haujatulia. Kwa wengine huisha kwa dakika chache, kwa wengine huchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Ondoa watoto na mbwa wengine, zima redio, mweke mbali na ngazi. Na vidole vyako visiende mdomoni mwake: mbwa hamezi ulimi, hayo ni maneno ya watu.

Mpapase tumbo. Kutukutika hupandisha joto la mwili, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili hilo si jambo dogo. Akiwa wa moto na anahema, lowesha taulo kwa maji ya bomba, mpanguse nyayo na mapaja kwa ndani, mwelekezee feni. Barafu usitumie.

Kifafa kikizidi dakika 5, au kikirudi ndani ya saa 24, mlete mara moja, hata usiku.

Ukifika tutauliza alichokula na alichoogeshwa. Dawa ya kupe ya ng'ombe iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa, tena kwa kukisia, inatuletea wagonjwa wengi kuliko watu wanavyodhani. Njoo na chupa yenyewe. Kama ana watoto wanaonyonya, sema, maana huenda anatukutika kwa sababu kalsiamu kwenye damu imeshuka. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa na mate yake yamekuingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wewe nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Hao wengi tunawaanzishia fenobabitali, dawa ya kuzuia kifafa, kila baada ya saa 12. Wiki za mwanzo atakunywa, atakula na kukojoa kupita kawaida. Usiikatishe ghafla kwa kuwa amekaa muda bila kuanguka. Kifafa hurudi kwa nguvu zaidi. Tunampima damu mara kwa mara kuangalia ini.

Akianguka tena, mrekodi kwa simu na uangalie saa. Video hiyo tutumie kwa WhatsApp hata kabla hujapata usafiri, tuanze kuandaa dawa.