Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Kwa Nini Tuzo ya Jengo Bora Haikutolewa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasanifu majengo, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, wageni wetu wahandisi na wakadiriaji majenzi, na wanafunzi mliokaa nyuma pale,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kabla ya yote naomba tusimame dakika moja kwa ajili ya ndugu zetu waliopoteza maisha ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba. Kila msanifu aliyepita pale siku zile anajua alirudi nyumbani akiwaza nini.

Ahsanteni. Tukae.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirudia zote. Tulifanya semina tatu, tulipanda miti, tulipokea wanafunzi 14 wa mafunzo kwa vitendo na kuwagawa kwenye ofisi za wanachama, na tuliwasilisha maoni ya maandishi kuhusu kanuni za ujenzi. Maoni hayo niliyaandika mwenyewe kwa siku nne, baada ya kikosi kazi cha watu saba kukutana mara moja tu. Mwezi Agosti tulivuka kwenda Zanzibar kutembelea Mji Mkongwe. Waliokwenda waliona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na vyumba virefu vyembamba ambavyo upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko. Kipimo cha chumba kilitoka msituni. Tulikuwa 12 kwenye boti iliyolipiwa watu 30.

Na hapo niseme la mahudhurio, maana linaniuma. Semina ya kukokotoa hewa ukaa iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi, yaani inayotoka wakati vinatengenezwa, ndiyo niliyoitegemea kuliko zote. Tulikodi ukumbi wa viti 80 na mwezeshaji akaja kutoka Dodoma. Walikuja watu 17, na tisa kati yao walikuwa wanafunzi. Chapati zilibaki, mlinzi wa ukumbi akagawiwa. Mwezeshaji alifundisha kwa moyo uleule ambao angefundisha kwa watu 80, nami nilikaa mstari wa mbele nikiona aibu kwa niaba ya chama. Mkutano wa Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi, wa Mei pia. Wanachama wanaoandika aya ndefu kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane hatuwaoni ukumbini saa nne asubuhi. Nawaomba mje, hata kunipinga, lakini mje.

Fedha. Mweka hazina atasoma kwa kirefu, mimi nataja kwa mkupuo. Tulianza mwaka na shilingi 4,300,000. Wanachama hai ni 146, waliolipa ada ya 150,000 ni 59, sawa na 8,850,000. Michango ya hiari ni 1,200,000. Matumizi ni 11,850,000, yaani pango, posho ya katibu msaidizi, semina na uchapishaji. Tumebaki na 2,500,000. Ada ambazo hazikulipwa ni 13,050,000, na orodha ya majina ipo mezani kwa katibu. Sikuibandika ukutani kama baadhi yenu mlivyotaka, kwa sababu wengine nawajua wana mwaka wa pili hawajalipwa na wateja wao. Lakini wapo pia wenye ofisi za watu 20.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ndilo lililowaleta wengi wenu leo, kwa maana ukumbi haujajaa hivi tangu nichaguliwe. Kwa nini mwaka huu hatukutoa Tuzo ya Jengo Bora?

Mkutano mkuu wa 2022 ulipitisha kwamba kila anayeomba tuzo alete kumbukumbu za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au ankara za umeme za miezi 12, pamoja na mchanganuo wa saruji, nondo na vioo vilivyotumika. Pendekezo lilikuwa langu, sikatai, lakini kumbukumbu za kikao zinaonyesha hakuna aliyenyoosha mkono kulipinga. Mwaka huu maombi yalikuwa 11. Yaliyoambatana na ankara yalikuwa mawili. Wengine walituletea picha nzuri zilizopigwa jioni taa zikiwaka.

Jopo la waamuzi watano wa tuzo lilitembelea majengo yote mawili mwishoni mwa Februari, nami niliambatana nao. Jengo la kwanza tulifika saa tisa alasiri. Mapokezi yake yanatazama magharibi, ukuta mzima ni kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Dada wa mapokezi alikuwa ametundika kanga ya zambarau kwenye fremu ya alumini, imepauka vibaya upande ulioelekea nje. Nilimuuliza ya lini, akanijibu hiyo ni ya tatu. Kipimajoto nilichokwenda nacho kilisoma nyuzi 31 juu ya meza yake, na kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma juu ya kichwa chake. Ghorofa ya nne tulikuta mapazia yote yameshushwa na taa zote zinawaka, mchana kweupe. Mteja amelipia ukuta wa vioo, kisha akalipia mapazia ya kuuziba, kisha analipia umeme wa taa, na mwishoni umeme wa kupoza joto la jua na la taa zenyewe.

Jengo la pili lilikuwa na afadhali, lina vivuli upande wa kaskazini na ngazi zinapitisha upepo. Lakini ankara zilizoletwa hazikuhusisha dizeli ya jenereta, na jenereta tulilikuta linawaka. Tulimwandikia msanifu mara mbili kuomba hesabu ya dizeli. Hakujibu.

Jopo lilipiga kura nne kwa moja kwamba hakuna anayestahili. Kamati tendaji ikaridhia kwa kura sita dhidi ya tatu. Sikupiga kura ya turufu, haikuhitajika. Nalisema hili kwa sababu limesambazwa kwamba niliamua peke yangu.

Imesemwa nina wivu. Ndugu zangu, mwaka 2009 nilichora tawi la benki lenye kioo upande wa magharibi. Mteja alitaka lifanane na alilolipiga picha safarini, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa na mishahara ya kulipa. Nimerudi pale mara nyingi. Wafanyakazi wamebandika maboksi ya karatasi kwenye vioo kwa gundi, na kila nikiingia kutoa fedha nayaona. Simnyooshei mtu kidole kwa kosa ambalo mimi sikulifanya.

Wala jua la Dar es Salaam si fumbo. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, juu kabisa, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na Desemba linahamia kusini likiwa juu zaidi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na kivuli kifupi tu cha zege au mbao. Unaotazama magharibi hakuna ukingo wa paa utakaouokoa, kwa sababu jua la saa kumi linaingia limelala. Mafundi wetu wanajua hili, ndiyo maana baraza haijengwi upande huo ovyo ovyo. Marehemu msanifu Anthony Almeida, aliyezaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1921, alilijua. Marehemu msanifu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970 aliezeka kwa zege lililokaa kama miavuli iliyogeuzwa, hewa inapita chini yake na maji ya mvua yanateremkia kwenye tangi. Wale wazee hawakuwa na programu za kompyuta za kupima joto. Sisi tunazo, na bado tunageuza jengo litazame barabara kwa sababu mteja anataka lionekane na wapita njia.

Wapo waliosema kwamba sasa tuna bwawa la umeme la Julius Nyerere, mtambo wa kwanza umewashwa Februari mwaka huu wa 2024 na uwezo wake kamili ni megawati 2,115, kwa hiyo viyoyozi si tatizo tena la tabianchi. Hoja hii naiheshimu, ndiyo ya maana kuliko zote nilizosikia. Lakini anayelipa LUKU ni mpangaji, awe anatumia umeme wa maji au wa gesi. Na bwawa halifuti kilichokwisha kutoka kiwandani. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma jiwe la chokaa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa linapogeuka, hata ukichoma kwa nishati safi namna gani. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe, si kwenye moto. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, majengo na ujenzi vinabeba karibu asilimia 37 ya hewa ukaa itokanayo na nishati na viwanda duniani. Mchango wa Tanzania humo ni mdogo, naafiki. Lakini sensa ya 2022 ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na sehemu kubwa ya nyumba watakazoishi watoto wao bado haijajengwa. Sisi ndio tutakaoichora.

Imesemwa pia tumejitenga, hakuna chama kingine chenye ukali huu. Si kweli. Taasisi ya wasanifu ya Uingereza ilitangaza dharura ya tabianchi Juni 2019. Mwaka huohuo ofisi kubwa za huko zilitia saini tamko la pamoja, Architects Declare, na Desemba 2020 mbili kati ya zilizolianzisha, Foster + Partners na Zaha Hadid Architects, zikajitoa baada ya kulaumiwa kwa kuchora viwanja vya ndege. Waligombana hadharani kuliko sisi, na tamko lipo mpaka leo. Na msiniambie haya ni mambo ya Ulaya. Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu duniani, ya mwaka 2022 ilikwenda kwa Francis Kéré, Mwafrika wa kwanza kuipata, na kazi iliyomtambulisha ni shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso: matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Hakuna kiyoyozi.

Linalofuata nalisema kwa uzito. Kuna zahanati ya matofali ya kufungamana, kazi ya mwanachama wetu kijana, ambayo wengi wenu mliniandikia kwamba ingepewa tuzo. Nimeiona. Ni nzuri, ukuta wake wa matundu unapitisha upepo wa kusi mpaka wodini. Lakini ilikuwa haijatimiza miezi 12 ya matumizi, na msanifu wake alifanya mafunzo ofisini kwangu. Ilipojadiliwa nilitoka nje ya chumba, na waliobaki waliamua asubiri. Kama ningetaka kupendelea, hapo ndipo ningependelea. Kanuni iliyomkatalia mwenye ghorofa kumi imemkatalia na huyu, na yeye hajalalamika.

Kuhusu mfadhili. Ni kweli kampuni ya vioo na alumini iliyokuwa ikigharimia usiku wa tuzo kwa shilingi 12,000,000 imejitoa. Barua yao ilikuwa ya heshima na niliijibu kwa heshima. Ni kweli hatukuwa na chakula cha jioni mwaka huu, na najua wenzi wenu walikwisha kushona nguo. Kwa hilo nawaomba radhi kutoka moyoni. Kwa uamuzi wenyewe siombi radhi. Wateja wetu huchagua kwa kutazama tulichokisifu. Jengo tunalolipatia tuzo mwaka huu ndilo watakalotuletea picha yake mwaka kesho wakisema, nichoreeni kama hili.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kurudia semina ya hewa ukaa, kuandaa jedwali rahisi la vifaa vya hapa nchini ambalo ofisi ndogo zitaweza kulitumia, na kuanza mazungumzo na vyuo. Tukipata uwezo tutanunua vipimajoto vinavyoandika kumbukumbu, wanachama waazime. Tunatafuta mfadhili mwingine. Dalili zipo, ila sipendi kutaja kabla ya wakati.

Katibu ana hoja mbili mezani, moja ya kufuta sharti la ankara na moja ya kuliongezea hesabu ya dizeli. Nitasimamia kura, sitapiga. Wasiolipa ada hawapigi kura kwa mujibu wa katiba. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na anapokea kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti