Kwa wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki mlioko vyuoni Marekani

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Februari iliyopita nilialikwa chuoni kwenu kwenye sherehe ya Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Mlipanda jukwaani na vitenge vyenu, mkacheza, mkashangiliwa, na pilau mkaila. Alipoinuka mzee mmoja Mmarekani Mweusi kusimulia alivyofukuzwa mkahawani katika mji huo huo enzi za ubaguzi, mlitoka mmoja mmoja. Mmoja wenu akaniambia mlangoni, tena bila haya: "Mama, hiyo ni historia yao. Sisi hatukuwa watumwa."

Nani kakudanganya? Bagamoyo umeisahau, na Kilwa? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na waliouzwa pale walitolewa bara, kwa mababu zetu hao hao.

Halafu nikuulize, njia ya kuja kusoma huku unadhani nani aliifungua? Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza, na nafasi za chuo kikuu kwa Mwafrika zilikuwa haba mno. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli za vijana. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, watu weusi watatu waliokuwa wakibaguliwa katika nchi yao wenyewe. Septemba mwaka huo wakasafiri wanafunzi 81. Mwaka 1960 safari hizo zikamleta Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, Thurgood Marshall, wakili wa Wamarekani Weusi, alikuwa London akiwashauri wajumbe wa Kenya kuhusu haki za raia katika katiba. Na tarehe 1 Februari, wanafunzi wanne wa North Carolina A&T, wa rika lenu kabisa, waliketi sehemu ya Wazungu tu kwenye mkahawa wa duka la Woolworth mjini Greensboro. Hawakuhudumiwa, lakini hawakunyanyuka hadi duka lilipofungwa, na kesho yake wakarudi na wenzao.

Watu hawa tangu 1966 wana sikukuu yao ya Kwanzaa, na humo wanawafundisha watoto wao umoja, ujima na nia kwa Kiswahili. Ninyi nusu saa ya kumsikiliza mzee imewashinda!

Sherehe yenyewe ya Februari haikuanza kwa ngoma. Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alichimba makaa ya mawe kabla ya kupata shahada yake ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1912. Mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu weusi, kwa sababu vitabu vya shule viliwaruka. Wanafunzi na walimu weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, ndio walioifanya mwezi mzima, mwaka 1970.

Wazazi wenzangu, msijifiche nyuma ya watoto. Maneno haya wameyaokota mezani kwetu, tukiwaambia wasichanganyike na "wale weusi wa hapa", watawaharibu. Mtoto huyo akisimamishwa na polisi usiku, polisi hatamuuliza kama ni wa Kisumu au Chicago. Tumewalea kwa dharau tukaiita malezi mema, na aibu hii ni yetu.

Wanangu, najua mnasoma huku mnafanya kazi za usiku, na ada haingoji. Siwaongezei mzigo mkubwa. Chukueni walau kozi moja ya historia yao, hata wewe wa uhandisi. Acheni kuwasema vibaya kwa lugha ya nyumbani. Mkialikwa kanisani kwao au kwenye chakula cha familia, nendeni.

Na ratiba ya mwakani msiiache iandaliwe na watu wengine. Oktoba chama chenu kikae na chama chao, mpange pamoja, mgawane gharama. Mkihitaji mtu mzima wa kukaa kati yenu, niiteni. Nauli nitajilipia.

Mama yenu