Dispensari ya Marekani si zahanati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba "Marekani nzima sasa bangi ruksa, sisi tu ndio tumebaki nyuma." Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, jimbo la Ohio, na kazi yangu ni kuendesha trela. Sibishani naye kama bangi ni dawa au ni balaa. Hilo nawaachia madaktari, mashekhe na wachungaji. Ninachobishia ni hilo neno "nzima", kwa sababu nimeona watu wetu wakiumia kwa kuliamini.

Nianze na mama yangu. Alikuja kututembelea kutoka Tanga, na miguu yake inamsumbua siku nyingi. Siku moja tukapita mbele ya jengo safi, msalaba wa kijani mlangoni na maandishi makubwa: dispensari. Mama akanishika bega. "Mwanangu, kumbe zahanati iko karibu hivi na hamsemi? Hebu niteremshe nikapime presha."

Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ilibidi nimweleze mama kwamba huku dispensari ndilo jina la duka la bangi. Alinyamaza hadi tukafika nyumbani. Lakini mimi nilibaki na wasiwasi mwingine. Mama angeingia mle peke yake, angepokelewa kwa heshima zote. Wangetazama pasipoti yake kuona kama amefikisha miaka 21, wangemuuzia kikopo cha peremende za bangi za kutuliza maumivu, wangemkata kodi na kumpa risiti. Asingetokea hata mmoja wa kumwambia kwamba yeye, mgeni mwenye viza, ametoka hapo amevunja sheria ya nchi iliyompa viza.

Msomaji wa kwetu anaweza kulielewa jambo hili akikumbuka mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Hapa nako yapo ya majimbo na yapo ya serikali kuu. Ila bangi imekaa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na pande hizo hazisemi kitu kimoja. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka katika daraja la kwanza, yaani lile kali kuliko yote, la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Mwaka 1996 wapiga kura wa California wakaamua mgonjwa aruhusiwe kuitumia kwa tiba. Mwaka 2012 wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington wakaenda mbali zaidi, wakairuhusu hata kwa starehe. Leo majimbo 24, pamoja na jiji kuu la Washington, D.C., yameiruhusu kwa watu wazima. Ohio tulipiga kura Novemba 2023 (nasema tulipiga, ingawa mimi sikupiga, bado sina uraia), na maduka yakaanza kuwauzia watu wazima wote tarehe 6 Agosti 2024.

Sasa 24 kati ya 50 si nchi nzima, hata kwa hesabu ya darasa la pili. Na sisi madereva ndio tunaoijua vizuri ramani hiyo. Ukitoka Columbus kwa barabara ya I-70 kuelekea magharibi, baada ya saa moja na nusu hivi unaingia Indiana. Huko hakuna ya tiba wala ya starehe. Kukutwa nayo, hata chembe, ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi siku 180. Ukielekea kusini, Kentucky, ipo ya tiba tu, tena imeanza Januari 2025. Mashariki, Pennsylvania, tiba tu. Kaskazini, Michigan, ruksa tangu kura ya 2018. Texas ukikutwa na mafuta ya bangi yaliyokamuliwa, yale ya kuvuta kwa kifaa cha betri, unashtakiwa kwa kosa kubwa kuliko mwenye majani makavu, hata kama hayafiki gramu moja. Halafu kuna mtego mmoja ambao hata wazawa hawaujui: kuivusha kutoka jimbo linaloruhusu kwenda jimbo jingine linaloruhusu ni kosa la serikali kuu, kwa sababu biashara inayovuka mipaka ya majimbo ni yake.

Hata ile "ya tiba" si tiba kama tunavyoijua. Daktari hapa haandiki cheti cha bangi ukakipeleka famasi ya kawaida. Anachofanya ni kuthibitisha kwamba ugonjwa wako umo katika orodha ya jimbo, nawe unapewa kadi. Kadi hiyo ni ya jimbo na ulinzi wake unaishia hapo. Huko California, Agosti 2002, maofisa wa serikali kuu walifika nyumbani kwa mgonjwa mmoja, Diane Monson, wakang'oa miche yake sita iliyoruhusiwa kabisa na jimbo. Yeye na mwenzake Angel Raich walifungua kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Mwaka 2005 wakashindwa, majaji sita kwa watatu: hata uliyoipanda uani mwako kwa ugonjwa wako mwenyewe, serikali kuu inayo mamlaka ya kuikataza. Tangu 2014 Bunge limekuwa likiizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha zake kuvuruga mipango ya tiba ya majimbo, ndiyo maana maofisa hawaonekani siku hizi. Lakini kutoonekana kwa askari si sawa na kufutwa kwa sheria. Sisi tuliokulia kwenye magulio ya samaki tunajua mgambo hutokea siku gani.

Nije kwa kijana wa Nakuru, mwenzangu wa kazi. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kukaa kwenye usukani. Jumamosi, akiwa mapumzikoni, akanunua peremende dukani, kihalali, akala mbili akalala. Jumanne akaitwa kupima mkojo. Sisi madereva wa magari makubwa tunapimwa kwa kanuni za serikali kuu, na kanuni hizo hazijui jimbo wala kadi ya mgonjwa. Mwenyewe alionyesha risiti, akidhani itamwokoa. Jina lake likaingia kwenye daftari la taifa la madereva, ambalo lilianza Januari 2020, na ambalo kila mwajiri lazima alitazame. Tangu Novemba 2024 jimbo nalo linalazimika kumnyang'anya aliyeandikwa humo leseni ya magari makubwa mpaka amalize utaratibu: akutane na mtaalamu, afuate maelekezo yake, apimwe tena, na akirudi barabarani apimwe ghafla si chini ya mara sita ndani ya mwaka wa kwanza, huku mtu akimtazama anavyojisaidia. Gharama karibu zote ni zake. Leo anapanga maboksi ghalani usiku, na mkopo wa trela unaendelea kudai.

Huyo walau alipoteza kazi tu. Ninaloliogopa zaidi ni la uhamiaji, na hapa ndipo naomba wazazi waliotuma watoto Marekani wasome polepole. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu peke yake. Hukumu moja ya kukutwa na dawa za kulevya inatosha kumfukuzisha nchini mtu mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Umebakizwa upenyo mmoja mdogo: kosa la mara moja, la matumizi yako binafsi, la bangi isiyozidi gramu 30. Sasa linganisha. Jimbo la Ohio linamruhusu mtu mzima kutembea na wakia mbili na nusu, yaani kama gramu 70. Duka linakufungia mzigo zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho uhamiaji wangekusamehe, wewe unaubeba kifua mbele, unavuka kwenda Indiana kwa binamu yako.

Na upenyo huo wenyewe una mlango wa nyuma. Aliyehukumiwa kwa hizo gramu chache akiwa ndani ya nchi anaweza kubaki. Akisafiri kwenda Singida kumzika baba yake, akirudi uwanja wa ndege anaweza kuhesabiwa kama mtu asiyefaa kuingia, kwa sababu kipimo cha kufukuzwa na kipimo cha kuingia si kimoja. Tena cha kuingia hakihitaji hata hukumu. Inatosha ukiri mwenyewe mbele ya ofisa kwamba ulitenda mambo yanayounda kosa hilo. Huyo ndiye angekuwa mama yangu, na risiti yake mkobani na uungwana wake wa Kitanga wa kujibu kila anachoulizwa.

Kwa wanaoomba uraia, idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 2019 unaosema wazi kwamba kuvunja sheria ya bangi ya serikali kuu kunaweza kukuondolea sifa ya "tabia njema", hata kama jimbo lako limeruhusu. Na si kuvuta tu. Ajira katika biashara hiyo nayo imo. Mwaka huohuo ilijulikana mjini Denver kwamba watu wawili wenye grini kadi, mmoja kutoka El Salvador na mwingine Lithuania, walinyimwa uraia kwa kufanya kazi katika kampuni za bangi zenye leseni ya jimbo la Colorado. Meya wa jiji hilo aliiandikia serikali kuu barua ya kulalamika. Vijana wetu wanazitafuta kazi hizo kwa sababu zinalipa na ni za ndani, huku nje theluji imefika magotini. Sitamlaumu kijana, ila huyo anayemwajiri mara nyingi hana habari, na wala si kazi yake kuwa nayo. Ukiwa umeshaangukia humo, usijaze fomu yoyote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Wala usidanganye, maana uongo chini ya kiapo ni kosa lake peke yake na huo hauna gramu.

Najua msomaji wako atasema mambo yanabadilika. Kweli yanabadilika. Rais Biden alisamehe makosa ya serikali kuu ya kukutwa na bangi Oktoba 2022, lakini msamaha ule ulihusu raia na wenye grini kadi halali. Wenye viza na wanaosubiri hifadhi hawakuguswa. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishwe daraja la kwanza ipelekwe la tatu, na Desemba 2025 Rais Trump akaamuru jambo hilo liharakishwe. Watu barazani wakasherehekea. Daraja la tatu bado ni orodha ileile ya dawa zinazodhibitiwa, na sheria ya uhamiaji inaitazama orodha yote bila kuuliza daraja.

Jambo la mwisho, dogo kwa maandishi lakini limenikosesha usingizi mwaka huu: zawadi. Peremende hizi zinafungwa kwa makaratasi ya rangi kama pipi za watoto. Kuna ndugu zetu wanazitia kwenye sanduku pamoja na viatu na manukato, "nampelekea shemeji zimtulize mgongo". Pale Dar es Salaam kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo haina habari na kura ya Ohio. Na shemeji mwenyewe ataziacha mezani, watoto wazione.

Kwa hiyo Mhariri, siku nyingine mkiandika habari hizi, andikeni jina la jimbo. Andikeni Ohio, andikeni Michigan, andikeni Colorado. Mama yangu alirudi Tanga na chupa nne za dawa ya kuchua kutoka duka la kawaida, na ameniambia niwaulize wahusika kwa nini wamechukua jina la zahanati. Sijajua nimuulize nani.

Wako msomaji,
Dereva wa trela,
Columbus, Ohio