Shukrani kwa dada wa kwenye benchi

Dada yangu uliyeketi kando yangu tukisubiri daktari, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma.

Miezi 7 baada ya kutolewa kifuko cha nyongo, maumivu yaleyale chini ya mbavu za kulia yalikuwa yakinirudia, yakipenya hadi mgongoni. Kila nilipolalamika niliambiwa ni gesi tu. Wewe ulinisikiliza. Ukaniuliza kama macho yanageuka manjano, kama mkojo umekoza rangi. “Mdogo wangu, kifuko kimetoka, lakini jiwe huweza kubaki kwenye mrija wa nyongo. Waombe wauangalie.”

Niliomba. Lilikuwepo! Wakalitoa kwa kamera iliyopitishwa mdomoni, bila kunipasua tena. Jana nimelala usiku kucha.

Asante sana, dada. Mungu akuzidishie.