Urambo haikuanza na tumbaku

Ndugu Mhariri,

Urambo hutajwa magazetini zaidi wakati wa masoko ya tumbaku, na kwa sababu hiyo wasomaji wengi hudhani kuwa mji wetu ulizaliwa na zao hilo. Mimi ni mkulima wa huku, na naomba nafasi nipinge dhana hiyo.

Jina lenyewe linaikataa. Urambo ni nchi ya Mirambo, mtemi ambaye kwa nguvu ya ruga-ruga, yaani askari wake, alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, akadhibiti njia za misafara ya kwenda Ujiji, hadi alipofariki mwaka 1884. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa na jina.

Kinachosahauliwa zaidi ni karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Kongwa ndiyo inayosimuliwa, nasi tumeachwa pembeni. Miombo iling'olewa kwa mitambo, mingine ikiwa imeundwa kutokana na vifaru vya kivita, kisha mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Wakati huohuo Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga zao kwa jembe la mkono (hapa nakiri kuwa najigamba kidogo), na hadi leo matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tunayala kwa karanga.

Tumbaku iliingia baadaye, miaka ya 1950, kwa walowezi wadogo waliopangiwa mashamba katika ardhi iliyokwisha kufyekwa. Imesomesha watoto wengi, siikatai. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kila bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, linapowashwa, miombo wanamopata chakula nyuki wetu hupungua. Mkulima mwangalifu wa hapa, hata awe na tumbaku nyingi kiasi gani, hakosi shamba la mahindi na karanga pembeni.

Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mitambo ile ilipoingia sasa anakaribia tisini. Waandishi wenu watakapokuja kwenye soko lijalo, nawaomba wabaki siku moja zaidi, wakae na wazee hao wawasikilize.

Mkulima na msomaji wenu,
Urambo, Tabora.