Kwa Baraka, kuhusu laini, waya na uzito wa gridi

Glasgow, Uskoti

Mpendwa mdogo wangu Baraka,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba na Mama, na kwa wote hapo Umoja. Huku hatujambo, ila baridi.

Umeniandikia kwamba kikosi chenu cha laini za umeme kimeanza kuzungumzia waya wa kisasa, sensa (vipima) za joto la laini na mashine za kutuliza gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na unataka kujua kipi kati ya hivyo kinatufaa. Baba naye anauliza: ikiwa upepo wa Marsabit unavuma usiku kucha, mbona stima inapotea Umoja? Naona maswali yenu ni mamoja.

Kenya haina upungufu wa vyanzo safi. Sehemu kubwa ya umeme wetu tayari inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo na jua. Kazi iko kwenye kuufikisha. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, Marsabit, ilikuwa imejengwa yote kufikia 2017, lakini laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa ilichelewa, na umeme haukuingia gridini hadi Septemba 2018. Na pale ambapo laini haitoshi, pengo linazibwa na mitambo ya mafuta.

Kabla ya kuchagua kifaa chochote, uliza urefu wa laini. Laini fupi, isiyozidi kilomita 80 hivi, inazuiwa na joto: waya ukipata moto unarefuka, unalegea na kukaribia miti na mapaa. Ya wastani, hadi kilomita 300 hivi, inazuiwa na volteji inayoshuka upande wa mzigo, yaani wa watumiaji. Ndefu kuliko hapo inazuiwa na uthabiti, yaani mashine za ncha hii na za ncha ile zinaachana pembe za mzunguko wao hadi haziwezi tena kwenda sambamba. Kwa hiyo mtu akikuletea waya wa kubeba mkondo mara mbili akataka ufungwe kutoka Loiyangalani hadi Suswa, kilomita 435 hivi, atakuwa ametibu ugonjwa ambao laini ile haina. Waya huohuo kwenye laini fupi za kilovolti 132 zinazoilisha Nairobi ni habari nyingine kabisa. Nianze na hizo fupi, maana ndizo zitakazokupa kazi.

Amperi zilizoandikwa kwa laini zimehesabiwa kwa siku mbaya kuliko zote: hewa ya nyuzi 35 au 40, jua la adhuhuri, upepo wa mita 0.6 tu kwa sekunde, na waya usizidi nyuzi 75. Siku kama hiyo ni nadra, tena Nairobi, tena mwezi wa Julai. Upepo ukifika mita 2.4 na kuupiga waya ubavuni, waya unapoa karibu maradufu. Na kwa kuwa joto linakua kwa mraba wa mkondo, unaweza kubeba takriban asilimia 40 zaidi kwa nyuzi zilezile 75. Sensa inapima upepo, joto la hewa, jua na mlegeo wa waya, kisha kompyuta ya chumba cha udhibiti inatoa uwezo wa saa hiyo badala ya ule wa kwenye karatasi. Hakuna mnara unaoguswa, wala ardhi ya mtu inayolipiwa fidia.

Linaloharibika mara nyingi ni mahali pa kuweka sensa. Watu wanaiweka panapofikika kwa gari, kwenye uwazi wenye upepo. Lakini uwezo wa laini nzima ni ule wa kipande chake chenye joto zaidi, na kipande hicho kiko bondeni, nyuma ya mteremko au majengo, au pale laini inapokata kona na upepo ukaanza kuufuata waya badala ya kuupiga. Upepo unaoufuata waya unapoza chini ya nusu ya ule unaopiga ubavuni. Tembea laini yote kwanza, weka alama vipande vilivyojificha, ndipo uombe sensa. Jambo la pili: laini haiishii kwenye mnara wa mwisho. Transfoma za kupimia mkondo, swichi za kutenganisha, vibano vya waya wa kuunganishia, na mipangilio ya rilei (vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea), vyote vina kikomo chake. Laini ikiruhusiwa amperi 900 huku swichi ya mwisho ni ya 800, uwezo wako ni 800, na kibano kilicholegea kitakuambia hivyo kwa kuyeyuka.

Sasa waya wenyewe. Chukua mfano wa Lynx, alumini yenye kiini cha chuma: kilo 842 kwa kilomita, na unakatika ukivutwa kwa takriban kilonyutoni 80. Ukiufunga kati ya minara yenye umbali wa mita 300 kwa mvutano wa kilonyutoni 16, katikati utaning'inia mita 5.8 hivi. Ukirefuka sentimita 10 tu katika mita hizo 300, utashuka hadi mita 6.7. Rudia hesabu hiyo kwa mkono wako, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu: sentimita 10 za urefu zinakula sentimita 90 za nafasi juu ya ardhi. Chuma kinarefuka takriban sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kiini cha nyuzi za kaboni kinarefuka 1.6 hivi. Tena kiini hicho ni chembamba na chepesi, na nyuzi za alumini zinazokizunguka zina umbo la trapeza, zinabanana bila mianya, hivyo kwa kipenyo na uzito uleule unapata alumini zaidi kwa karibu asilimia 28. Waya wa namna hii unaruhusiwa hadi nyuzi 180, na minara inabaki ileile.

Mimi naupenda waya huu, lakini usiukubali kwa upofu. Ukipitisha mkondo maradufu kwenye waya uleule, upotevu unakuwa mara nne, na waya wa nyuzi 180 unapoteza zaidi kwa sababu alumini ya moto ina ukinzani mkubwa. Nafasi hiyo ya ziada iwekwe kwa dharura, laini jirani inapokatika. Siku za kawaida waya ubaki wa baridi, ndipo alumini ile ya ziada inapookoa umeme kweli.

Kwenye ufungaji, kinachovunja waya huu ni mazoea ya ule wa zamani. Kiini cha chuma ukikikunja kinapinda; cha kaboni kinapasuka ndani, na kwa nje huoni lolote mpaka waya udondoke miezi baadaye. Kapi, yale magurudumu waya unapopitishwa, ziwe na kipenyo alichotaja mtengenezaji, hasa ya kwanza, ya mwisho na za kwenye kona. Waya usiburutwe chini, kwa kuwa alumini yake ni nyororo na inakwaruzika haraka, na kila mkwaruzo kwenye volteji kubwa unatoa cheche na kelele. Unapokata alumini ili kufunga kiungio cha mwisho, msumeno usiguse kiini hata kidogo. Ule utando wa kioo unaozunguka kaboni ndio unaoitenga na alumini. Ukichubuka, metali inaanza kulika. Futa kiini, kisugue kidogo, ingiza kibanio chake, kaza kwa kipimo kilichoandikwa, kisha ndipo bomba la alumini libanwe kwa mashine. Anayefanya kazi hiyo awe amefundishwa na kutahiniwa, na kila kiungio kiandikiwe jina la aliyekifunga.

Msomee Baba kipande hiki. Megawati 300 kwenye kilovolti 132 zinahitaji amperi 1,312; kwenye kilovolti 400 ni 433 tu, na upotevu kwenye waya uleule unapungua mara tisa. Ndiyo sababu upepo wa Marsabit unasafirishwa kwa volteji kubwa hadi Suswa. Lakini kutoka Suswa hadi Umoja bado kuna transfoma na laini fupi, na yoyote kati ya hizo ikizidiwa, upepo wote ule haumfikii.

Laini ndefu zina tabia yake. Upepo ukitulia, laini ya kilomita 435 inabaki na volteji bila mzigo, na waya wenyewe unafanya kazi kama kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji. Kama haikudhibitiwa, ncha iliyo wazi inapanda kwa asilimia 11 hivi: kilovolti 400 zinakuwa 445, ilhali vifaa vya daraja hilo vimetengenezwa kuvumilia 420. Dawa ni riakta, koili kubwa zinazonyonya nguvu riaktivu, yaani ile inayokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi. Hapo pia pana mtego. Riakta zikifuta zaidi ya nusu ya chaji ya laini, na fezi (moja ya njia tatu za umeme kwenye laini) ikawashwa wakati volteji yake inapita sifuri, mkondo kwenye breka, swichi kubwa ya kukata umeme, unaweza kuegemea upande mmoja kwa mizunguko mingi bila kugusa sifuri. Breka inahitaji sifuri hiyo ili kuzima cheche. Ikiamriwa kufunguka papo hapo inaungua. Utaratibu wa kuwasha laini kama hiyo umeandikwa hatua kwa hatua kwa sababu hiyo, usiruke hata moja.

Huku Uskoti, upepo uko kaskazini na watumiaji wengi wako kusini. Laini za mpakani zimewekewa kapasita za mfululizo ili zionekane fupi kwa umeme, na kebo ya mkondo mnyoofu (DC) ya megawati 2,250 imepitishwa chini ya bahari kutoka Hunterston. Kapasita hizo zinaweza kuamsha mtetemo kwenye shafti za tabo (turbini), kwa hiyo mtu asizipendekeze karibu na Olkaria bila uchunguzi wa mtetemo huo.

Mashine za kutuliza gridi mlizozisikia ni jenereta zisizo na tabo, zinazozunguka tu na gurudumu zito. Ziko, kwa mfano, Keith, kaskazini mwa nchi hii. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mashine zilizowashwa ni MVA 2,000 (kipimo cha ukubwa wa jenereta) zenye inesha, yaani uzito wa mzunguko unaopinga kasi kubadilika, ya sekunde 4. Ukipoteza megawati 200, masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, yanaanza kushuka kwa hezi 0.625 kila sekunde. Inesha ikiwa nusu, 1.25. Megawati 200 ndizo tulizoanza kununua kutoka Ethiopia Novemba 2022 kupitia laini ya kilovolti 500 inayofika Suswa, na laini ya mkondo mnyoofu haileti inesha yenyewe. Sisi tuna bahati ya mvuke: mashine za Olkaria ni nzito na zinazunguka usiku na mchana. Zikipunguzwa ili kupisha upepo wa usiku, uzito huo unaondoka nazo. Hapo ndipo mashine za kutuliza, au betri za kujibu haraka, zinapostahili bei yake.

Gesi ya SF6, inayozima cheche kwenye breka, nitaigusia tu. Kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kama kilo 23,500 za kaboni dioksidi. Breka zisizo nayo zipo, lakini kwa sasa linalowezekana kwenu ni kupima mitungi kwenye mizani kabla na baada ya kila kazi.

Na usisahau vyuma vya minara. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka Imara Daima na nchi ikaingia gizani, na vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Nati zinazokatika kichwa zikishakazwa, zifungwe hadi urefu ambao mtu hafiki bila ngazi, na mjini nguzo ya bomba moja ni bora kuliko mnara wa vyuma vingi.

Nitumie urefu wa laini mnayoizungumzia, aina ya waya, umbali kati ya minara, na amperi za kila kifaa kwenye ncha zote mbili. Nitakurudishia hesabu wiki hiyohiyo. Mwambie Mama nitapiga simu Jumapili.

Dada yako,
Neema