Mikono ya Lillian Gish

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeona ulivyonung'unika kwa kupewa, katika mchezo wenu wa mwisho wa mwaka, nafasi ya mjane asiyetamka hata neno moja. Kabla hujaikataa, naomba nikusimulie habari za Lillian Gish, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1893, ambaye alipata sifa duniani kote kabla mtazamaji yeyote wa sinema hajaisikia sauti yake.

Alipanda jukwaani angali mtoto, kwa kuwa baba yao aliwatelekeza na mama akabaki kutafuta riziki na mabinti wawili. Mwaka 1912 yeye na mdogo wake Dorothy wakaingia katika sinema bubu chini ya mwongozaji D. W. Griffith.

Mtazame mikono. Katika Broken Blossoms ya mwaka 1919 anaigiza binti anayepigwa na baba mlevi. Baba anapomwamuru atabasamu, binti huyo, ambaye kutabasamu kumekwisha kumtoka, anaweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo na kuzisukuma juu, huku macho yakibaki na woga ule ule. Mwaka uliofuata, katika Way Down East, alilala juu ya pande la barafu mtoni, na ni yeye mwenyewe aliyependekeza kwamba mkono na nywele zake viachwe vikokotwe na maji. Mkono huo haukupona sawasawa maisha yake yote. Walipopiga filamu ya The Wind katika jangwa la Mojave, alishika kitasa cha chuma kilichopata moto wa jua, kikamuunguza kiganja. (Mwongozaji atakayekufanyia hivyo, nipigie simu mimi.)

Sitakuficha kwamba mwaka 1915 aliigiza pia katika The Birth of a Nation, filamu iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi waliowatesa watu weusi, na kuwadhalilisha Wamarekani weusi, na kwamba hadi uzeeni aliendelea kumtetea Griffith. Kwa hilo simuungi mkono.

Sauti ilipoingia, filamu yake ya kwanza ya kuzungumza, ya mwaka 1930, haikuvuma, akarudi kwenye tamthilia. Baadaye sinema ilimwita tena, na alicheza ya mwisho mwaka 1987, akiwa amepita miaka 90.

Sasa turudi kwa mjane wako, ambaye umeniandikia kwamba kazi yake ni kukaa pembeni akikunja nguo za marehemu tu. Bibi yako alipofariki, mama yako alikunja kanga moja ya marehemu, akaikunjua, akaikunja tena kwa kufuata mikunjo aliyoiacha bibi mwenyewe, kisha akaibana kifuani kwa viwiko, kana kwamba viganja vyake vimechafuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, na sikuweza kuingia.

Ni mimi baba yako